Namna ya Kuwa Bingwa wa .375 Hapa Thika Bila Kufyatua Hata Moja

Sogea karibu. Unataka watu wakusikilize ukizungumzia bunduki, na bunduki huna. Hilo lisikutie hofu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, na tangu hapo, kwenye meza za nyama choma kuanzia Kamakis pale Ruiru hadi Makongeni mjini Thika, karibu kila atakayebishana nawe hajawahi kumlenga nyati. Mnaanza sawa. Atakayeondoka na heshima ni yule anayejua mambo machache ya kweli, akayasema polepole, na akanyamaza kabla hajaulizwa asilolijua.

Usilianzishe bishano wewe. Ngoja. Mbuzi akiwa bado motoni, kijana mmoja aliyeshinda akitazama video za wawindaji wa Marekani ataanza kusifu risasi za kisasa, zile nyembamba zenye mbio. Atasema risasi za wazungu wa zamani zilifaa enzi zake, sasa ni vitu vya makumbusho. Hapo weka glasi chini. Ipo moja ambayo haijazeeka, na wewe ndiye utakayeisimamia.

1. Chagua moja, nyingine waachie wenyewe

Wabishi wengi huanguka kwa sababu wanatetea kila kitu cha kale kwa mpigo. Wewe tetea risasi moja tu: .375 Holland & Holland Magnum, iliyotolewa na kampuni ya bunduki ya London mwaka 1912. Usiitetee .470, maana bunduki zake za mitutu miwili zilikuwa za matajiri na bado ni za matajiri. Usiitetee .450, maana mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliizuia India na Sudan, na ukiigusa utalazimika kueleza siasa za himaya nzima huku nyama inapoa. .303 nayo tutaifikia; ina wenyewe.

Kwa nini .375? Kwa sababu ndiyo pekee unayoweza kuitetea bila kusema uongo hata mmoja. Mbishi asiye na uongo wa kukumbuka hulala usingizi mzuri na haumbuki wiki ijayo.

2. Kariri namba tatu

Tatu zinatosha. Kichwa cha risasi: greni 300, yaani gramu 19 hivi. Mwendo ukitoka mtutuni: karibu mita 760 kwa sekunde. Nguvu: jouli 5,600 hivi. Kisha uwe na namba moja ya kulinganishia: .303 waliyoibeba askari wa King's African Rifles ilikuwa na jouli 3,100 hivi. Basi.

Sema "hivi" kila mara. Anayetaja namba zenye nukta nyingi huombwa athibitishe. Anayekadiria kwa utulivu huonekana amewahi kushika kitu chenyewe mkononi. Watu wazima wanapenda namba, ila hawapendi kufundishwa. Itaje mara moja, uchukue kachumbari, uwaache waipigie hesabu wenyewe.

3. Eleza umbo la ganda, na ueleze vizuri

Hapa ndipo utakapoishinda meza, kwa hiyo usiharakishe.

Ganda la .375 ni refu na limechongoka kutoka kitakoni hadi mabegani, na mabega yenyewe yameteremka taratibu. Kijana wa video ataliita umbo la kizamani. Mwambie lina sababu mbili. Ya kwanza ni kodaiti, baruti ya Waingereza ya wakati ule, iliyotengenezwa kwa nyuzi ndefu kama tambi. Ganda lenye mstari mrefu na laini liliafikiana nazo vyema. Ya pili ni jua letu. Kodaiti ikipata joto, shinikizo ndani ya bunduki hupanda. Shinikizo likipanda, ganda la shaba hutanuka na kung'ang'ania ukuta wa chemba. Sasa piga picha: umempiga nyati, hajaanguka, amegeuka, na wewe unavuta bolti haitoki. Ganda lililochongoka likisogea nywele moja tu linakuwa limeachana na ukuta pande zote, na linachomoka. Waliolichora walikaa London, lakini walijua litatumika Bengal na Tana.

Halafu malizia na ule mkanda ulio kitakoni mwake. Wengi hudhani uliwekwa kuongeza nguvu. Sivyo. Mabega yameteremka mno kiasi kwamba hayawezi kulizuia ganda lisiingie ndani kupita kiasi, kwa hiyo mkanda ndio unaolizuia. Wazo hilo liliigwa dunia nzima: .458 Winchester ya 1956 ina mkanda huo, 7mm Remington Magnum ya 1962 inao, .300 Winchester Magnum ya 1963 inao. Huenda ile risasi ya kisasa anayoisifu huyo kijana ni mjukuu wa hii anayoidharau. Mwulize ni ipi. Ikiwa ina mkanda, kazi umeimaliza. Ikiwa haina, usiseme neno, nenda hatua ya nne.

4. Walete nyumbani

Ubishi wa bunduki huelea hewani mpaka uupe mahali, na wewe mahali unapo. Ungekuwa Nakuru ningekuhurumia. Hapa una Juja, una Kamiti, una Kilimambogo, na una mgeni mmoja mashuhuri: Theodore Roosevelt, aliyemaliza urais wa Marekani Machi 1909 na kushuka Mombasa mwezi uliofuata pamoja na mwanawe Kermit, akikusanya wanyama kwa ajili ya Taasisi ya Smithsonian. Alikaribishwa shambani Juja na Mmarekani mwenzake, William Northrup McMillan, yule aliyefariki mwaka 1925 na kuzikwa juu ya Kilimambogo. Kutoka hapo aliwinda nyati kwenye mafunjo ya Mto Kamiti, katika shamba la mzungu aliyeitwa Heatley. Ndiyo, nyati. Hapo ambapo leo watu wanagombania ploti za futi hamsini kwa mia.

Mkato wako huu hapa: kitabu cha safari ile, African Game Trails, kilitoka mwaka 1910 na haki zake zimekwisha muda, kwa hiyo kinasomwa bure. Usikisome chote, ni kirefu na kimejaa majina ya swala. Soma sura ya Juja na ile ya nyati wa Kamiti. Sura mbili, jioni moja, na utawajua wanyama wa mtaa wako kuliko diwani wako anavyoujua mtaa wenyewe.

Kisha leta hoja. Roosevelt alibeba bunduki za aina tatu kuu. Springfield ya .30-06 kwa swala na wanyama wa mbugani. Winchester ya .405 kwa simba na wanyama wazito kiasi. Holland ya mitutu miwili, .500/.450, kwa ndovu, faru na nyati. Alihitaji tatu, na watu wa kuzibeba. Miaka mitatu baadaye ikatoka .375, ambayo mtu mmoja angeibeba begani akatoka nayo asubuhi kutafuta kongoni na jioni akakutana na nyati bila kubadilisha chochote isipokuwa aina ya kichwa cha risasi. Sidai kwamba inaishinda ile ya mitutu miwili mbele ya ndovu aliye hatua kumi. Nadai kwamba hakuna nyingine inayofanya kazi zote tatu kwa heshima hiyo, na zaidi ya karne imepita.

Utasikia mtu akisema Roosevelt na mwanawe waliua wanyama zaidi ya 500 katika safari moja. Ni kweli, ni 512 kwa hesabu ya kitabu chenyewe. Usimtetee. Hukuja hapa kumtetea mtu. Umekuja kutetea kipande cha shaba. Kama unataka kuonyesha kwamba unajua gharama ya vyombo hivi, wataje faru wa Makueni: kati ya 1944 na 1946 mwindaji J. A. Hunter, akitumwa na serikali ya kikoloni kusafisha ardhi ya makazi, aliua karibu faru elfu moja. Ni safari ya saa chache tu kutoka hapa. Anayependa bunduki bila kulijua hilo hajaijua bunduki.

5. Akikuletea Bell, kubali haraka

Kila meza ina msomi. Atainua kidole na kusema: "Walter Bell, yule wa Karamoja, aliua ndovu 1,011, na wengi aliwaua kwa .275 ndogo. Sasa hiyo .375 yako ya nini?"

Furahi. Huu ni mpira uliowekewa mguuni. Mwambie amesema kweli. Kisha ongeza aliloliacha: Bell alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili aujue ubongo ulipokaa, akitazamwa kutoka kila upande. Alitumia vichwa virefu vigumu visivyochanua, vinavyokwenda moja kwa moja. Na alikuwa mlengaji wa aina inayozaliwa mara chache. Wawindaji wa Kiwaata wa pwani na wa Tsavo walikuwa wakiangusha ndovu kwa upinde mzito na mshale wa sumu, bila hata punje ya baruti. Kinachoua ni mahali ulipolenga na kina ulichofikia. Risasi kubwa hukupa tu nafasi ya kukosea kidogo.

Baada ya hapo mpe msomi zawadi. Mwambie kwamba mtu kama Bell hahitaji .375, lakini sisi wengine tunaihitaji. Kila aliye mezani ataamini kimoyomoyo kwamba yeye ni wa kundi la Bell, na kila mmoja atakubaliana nawe kwa niaba ya mwenzake. Usimrekebishe yeyote.

6. Toa kasoro zake wewe mwenyewe, kabla hawajazitoa

Atakayeficha kasoro za risasi yake hushindwa na kijana wa miaka ishirini mwenye simu. Zitoe wewe, na uzitoe kwa ukarimu.

Ganda ni refu, kwa hiyo linahitaji bunduki yenye bolti ndefu, na bunduki hizo ni ghali. Ule mkanda siku hizi hauhitajiki, teknolojia imeupita. Mwaka 2007 Ruger na Hornady walitoa .375 Ruger, fupi zaidi, haina mkanda, nguvu zake ni sawa au zimezidi kidogo, na inaingia kwenye bunduki ya ukubwa wa kawaida. Ukiilinganisha na H&H kwenye karatasi, Ruger inashinda. Na kwa swala aliye mbali, mita mia nne na zaidi, zile risasi nyembamba za kisasa zinamfaa zaidi mtu wa kawaida, pia bega lake litamshukuru.

Wakishangaa kwamba umejisalimisha, ndipo utoe mambo mawili.

La kwanza, risasi ya zamani si ya zamani tena. Ganda ni la 1912, ila kichwa kinachokaa juu yake leo hakikuwepo 1912. Tangu Nosler walipotoa kichwa chenye vyumba viwili mwaka 1948, na vile vya shaba tupu vilivyofuata baadaye, vichwa vimeacha kuvunjika vipande vikigonga mfupa. Kila uboreshaji huo .375 imeupokea bila kubadilishwa hata milimita moja. Aliyenunua bunduki hiyo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kama angekuwa hai, angeweza leo kuwinda vizuri kuliko alivyowinda akiwa kijana. Baruti mpya nayo haiogopi joto kama kodaiti.

La pili ndilo zito: kinachoua risasi ni rafu ya duka. Wasimulie Harry Selby. Mwaka 1949, mwindaji huyo kijana wa Kenya alipoteza bunduki yake ya .470 baada ya gari kuikanyaga. Safari ilikuwa imekaribia. Akaenda kwa May & Co. jijini Nairobi, akachukua .416 Rigby iliyokuwapo, na kwa bunduki hiyo ya dharura akawa maarufu. Robert Ruark aliiandika katika Horn of the Hunter mwaka 1953 na Wamarekani wakaanza kuiota. .416 ni risasi bora kuliko .375 kwa nyati, nalisema bila kusita. Lakini miaka ya 1960 Kynoch, kampuni ya Uingereza iliyozitengeneza, ilianza kuachana na risasi hizi kubwa, na wenye .416 wakabaki na vyuma vizuri visivyo na cha kula. Ilibidi ingoje miaka mingi kuamka. Winchester walikuwa wameshatoa .458 mwaka 1956 kushindana na risasi hizi kubwa, ila ganda walilifanya fupi, baruti ikashindiliwa sana, na baadhi ya risasi zikaganda ndani na kutoka dhaifu. Hebu fikiri kuligundua hilo ukiwa mbele ya ndovu. Miaka hiyo yote .375 ilikuwa inauzwa, na inauzwa mpaka leo. Sanduku lako la risasi likipotea uwanja wa ndege, mwenyeji wako ana nyingine.

Hapo meza huwa kimya. Agiza chai.

7. Mzee akianza kusikiliza, punguza sauti

Thika na Ruiru zina wazee. Ukitaja risasi, guka aliyekaa pembeni anaweza kuinua uso, naye haijui .375. Anaijua .303. Anaikumbuka Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, anakumbuka hombogadi, wale mgambo wa serikali, waliopewa silaha, na anakumbuka vijana wa msituni waliounda bunduki kwa bomba la maji na komeo la mlango ili zifyatue risasi moja moja zilizopatikana kwa shida kubwa. Chini ya kanuni za wakati ule, Mwafrika aliyekutwa na silaha au risasi bila kibali alikabiliwa na kitanzi. Dedan Kimathi, kiongozi wa vijana hao wa msituni, alihukumiwa kifo kwa kupatikana na bastola ya .38, na alinyongwa gerezani Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kamiti. Miaka 48 tu baada ya mgeni kupongezwa kwa kuangusha nyati kwenye mafunjo ya mto wenye jina hilo.

Kwa hiyo usimpe guka namba zako. Mwachie meza. Ukimwita "guka" kwa upole na kumwuliza .303 ilikuwaje, utajifunza jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha Roosevelt, na mkato wa kulipata ni huu mmoja tu: funga mdomo. Ubingwa wako hautapungua. Wote watakumbuka kwamba wewe ndiwe uliyeuliza.

8. Usiseme unayo

Baada ya ushindi, mtu atakuegemea sikioni: "Ukweli, mkubwa, unayo moja nyumbani?" Majivuno yatakusukuma utabasamu kwa siri. Usitabasamu. Sema huna. Tabasamu hilo likifika kituo cha polisi lina maelezo marefu, na likifika kwa wezi ni baya zaidi. Hata risasi moja ya kuweka juu ya kabati kama pambo inahitaji cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Ukiikuta ndani ya sanduku la marehemu babu, usiisugue ing'ae wala usiipige picha. Ipeleke kituoni na mtu wa pili wa kukushuhudia. Bingwa wa .375 asiye na .375 yuko salama kabisa, na elimu haikaguliwi barabarani.

9. Ukialikwa ng'ambo ya mpaka

Ukifanya haya yote sawasawa, kuna siku mwenye pesa atakugeukia na kusema, "Twende Tanzania ukanionyeshe." Huko uwindaji wa leseni unaendelea, na huko utaikuta hoja yako imeandikwa kanunini: kwa wanyama hatari, .375 ndiyo kima cha chini. Iliyotengenezwa 1912 ndiyo bado mstari wa kupimia nyingine zote. Mwambie hilo njiani.

Lakini usikatae kwenda, na usijifanye umewahi. Waambie wenyeji mapema kwamba hujafyatua. Wanawapenda wageni wa aina hiyo, kwa sababu husikiliza. Omba bunduki ya kukodi, na mara nyingi watakayokupa ni .375. Kabla ya safari jizoeze kusimama na kulenga kwenye kijiti cha miguu mitatu, hata kwa fimbo ya ufagio uani kwako. Siku ya kwanza kwenye shabaha ishikilie bunduki imara begani, maana anayeiogopa na kuiacha mbali kidogo ndiye inayempiga teke. Fyatua tatu, zisizidi tano, upumzike kabla bega halijaanza kukuamulia. Na usiende na viatu vipya.